Manju wa Mezani: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Mchezo wa Uhusika, Kutoka Kando ya Ziwa

Kikao changu cha kwanza niliandaa kurasa 14. Kulikuwa na pango chini ya mawe, mlinzi mwenye vichwa viwili, hazina ya mtemi aliyekufa zamani, na hotuba ya huyo mlinzi niliyoifanyia mazoezi bafuni. Wachezaji wangu wanne walifika mlangoni pa pango, mmoja akauliza kama ndani mna popo, nikasema wamo, wakageuza. Muda wote uliobaki walibishana bei ya sangara na mchuuzi niliyemtaja kwa sentensi moja, mtu ambaye hata jina sikuwa nimempa. Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi nilikaa na kurasa zangu kama mtu aliyepika pilau kwa wageni waliokwisha kula.

Nilinuna wiki nzima. Baadaye sana ndipo nilipoona kwamba kile kilikuwa kikao kizuri, na kwamba mtu pekee ambaye hakucheza siku ile nilikuwa mimi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wachache wanakaa mezani, kila mmoja ana mhusika wake, mvuvi au mwizi au mganga au askari, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Mtu mmoja hana mhusika. Yeye ana vingine vyote: hali ya hewa, vijiji, mazimwi, mtemi, na bei ya sangara. Jambo likiwa na mashaka, dadu zinaamua. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuchapishwa kibiashara ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ukiwa umetokana na michezo ya vita ya kupanga vikosi vya vinyago mezani. Leo ipo mingi ya kila aina.

Huyo mtu mmoja vijana wengi wanamwita gemu masta. Mezani kwetu anaitwa manju, jina la kiongozi wa ngoma. Wanaojua ngoma za Usukumani watanielewa haraka. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma, hushindana wakicheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na ushindi ni wa upande uliovuta watu wengi. Kiongozi wa ngoma anayefumba macho na kuimba alichokariri, huku watu wanahamia upande wa pili, ameshindwa hata kama sauti yake ni asali. Anatakiwa aanzishe, asikilize kiitikio, kisha ageuze wimbo pale watu walipo. Kazi yako mezani ni hiyohiyo.

Kanuni: chukua chache

Una njia mbili. Ya kwanza ni kufuata kitabu. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons, toleo la tano, zinapatikana bure mtandaoni, na tangu Januari 2023 hati yake ya marejeo iko chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kuinakili, kuitafsiri, hata kuuza kazi uliyoitoa humo, mradi utaje ilikotoka. Yaani ukitaka kuziandika kwa Kiswahili, ukazitoa kopi stationari na kuzigawa, hujaiba kwa mtu. Humo utakuta sifa sita za mhusika, dadu ya pande 20, na vizingiti, yaani namba ambayo dadu pamoja na nyongeza yako lazima ifikie: jambo rahisi 10, la wastani 15, gumu 20. Kila upande wa dadu hiyo ni asilimia 5, kwa hiyo mwenye nyongeza ya +2 anayetafuta 15 anahitaji 13 na kuendelea, nafasi 8 kati ya 20.

Ni mfumo mzuri, lakini ni mnene, na uko kwa Kiingereza. Kwa mwezi wa kwanza nakushauri njia ya pili: kanuni za ukurasa mmoja na dadu mbili za ludo.

Kila mhusika ana sifa nne: Nguvu, Wepesi, Akili na Ulimi. Mchezaji anazigawia +2, +1, 0 na −1 apendavyo. Ana pumzi 6, ndiyo uhai wake. Zikiisha yuko chini, na kama atakufa au ataokolewa inategemea wenzake wanafanya nini. Akijaribu jambo lenye hatari, anarusha dadu mbili, anajumlisha, anaongeza sifa inayohusika. Akipata 10 au zaidi, amefanikiwa. Akipata 7 hadi 9, amefanikiwa, ila kuna gharama. Akipata 6 au chini yake, mambo yanaharibika, na wewe ndiye unayesema yanaharibikaje. Ngazi hizi tatu sikuzibuni mimi. Zilienezwa na Vincent Baker na Meguey Baker kupitia mchezo wao Apocalypse World wa mwaka 2010.

Ile ngazi ya katikati ndiyo roho ya mchezo, na kwetu ina jina: sikio la bibi. Inatoka kwenye ngano ya Kisukuma ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote pamoja na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto wake, Masala Kulangwa, alikua, akaliua zimwi, akalipasua tumbo, watu wakatoka wazima. Ila katika kupasua, kisu kilimkata sikio bibi mmoja aliyekuwa humo ndani. Watu wanashangilia, bibi ameshika sikio na hana furaha hata chembe. Zimwi limekufa, na papo hapo kesi mpya imezaliwa. Kila dadu zikisema 7, 8 au 9, jiulize: hapa sikio ni la nani?

Sasa hesabu kidogo, nivumilie. Dadu mbili zina michanganyiko 36. Bila nyongeza, 6 inatoa mafanikio kamili, 15 inatoa sikio la bibi, 15 inaharibu. Kwa +2 inageuka: 15 mafanikio, 15 sikio, 6 tu maharibiko. Nakupa namba hizi kwa sababu manju wachanga wana ugonjwa wa kurushisha dadu kila hatua. Mchezaji anataka kunyatia ghala. Manju anamwambia rusha upite uani, rusha ufike mlangoni, rusha ufungue. Mwenye 0 ana nafasi 21 kati ya 36 za kutoharibu kila mara. Kwa mara tatu mfululizo, inabaki kama nafasi 1 kati ya 5. Umeshamkatalia kunyata bila kumwambia, na yeye atadhani ana bahati mbaya. Jambo moja, rusho moja. Na kama hakuna hatari, au kushindwa hakuleti kitu cha kusisimua, usirushishe kabisa.

Vifaa

Dadu za ludo zinauzwa kila duka la vitu vidogo. Ukiamua kwenda na mfumo wa pande 20 na dadu yake huna, toa karata 1 hadi 10 za shupaza na 1 hadi 10 za kopa. Shupaza ni namba ilivyo, kopa unaongeza 10. Changanya, vuta moja, irudishe. Ipo pia programu ya simu, lakini simu ikishafunguliwa kwa ajili ya dadu, inafunguliwa na kwa ajili ya WhatsApp. Daftari la kurasa 96, penseli, chaki au karatasi kubwa ya ramani, na vizibo vya soda vya kuonyesha nani amesimama wapi. Anayejua drafti ya vizibo hahitaji kuelezwa. Hivyo tu.

Watu, muda, na suala la shikamoo

Wachezaji watatu au wanne. Wakiwa sita, wawili watakuwa watazamaji. Muda wa saa tatu unatosha: sisi tunaanza saa 8 mchana Jumapili na saa 11 jioni tunafunga, kwa sababu mmoja anarudi Buhongwa na mwingine Igoma, na daladala za jioni mnazijua. Panga hata wakati wa mvua. Umeme ukikatika usiahirishe. Kikao kitamu kuliko vyote nilivyowahi kuendesha kilikuwa cha mshumaa mmoja, radi zinapiga ziwani, na sikuhitaji kuelezea dhoruba.

Vitabu vingi vya kigeni haviligusi jambo moja ambalo kwetu linaua mchezo: umri. Mezani kwangu kuna binti wa chuo, kuna rafiki wa rika langu, na kuna mjomba aliyenizidi miaka ishirini. Vikao viwili vya mwanzo mjomba akisema "twende kaskazini", wote walikwenda kaskazini. Hakuna aliyemwogopa, ni adabu tu. Lakini mchezo ukawa wa mtu mmoja na wasindikizaji.

Tulitengeneza utaratibu. Shikamoo tunamalizana nayo mlangoni. Mtu akishakaa anaitwa kwa jina la mhusika wake tu, na mjomba ni Maige, kijana mwizi wa nyavu asiye na heshima kwa mtu. Swali la "unafanya nini?" naanza kumuuliza mdogo kuliko wote, kisha nazunguka. Mjomba alikubali shingo upande. Kikao cha tatu Maige alitukanwa na mhusika wa binti wa chuo, mezani pakawa kimya, kisha mjomba akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo tuna mchezo. Kikao kikiisha, "Mjomba, usiku mwema," na adabu inarudi mahali pake.

Maelewano kabla ya kuanza

Tenga nusu saa ya siku ya kwanza kwa hili, hata kama wachezaji wana haraka.

Kwanza, wenye nyumba. Mama akiona dadu anawaza kamari, akisikia mzimu anawaza mengine. Usibishane. Mweleze kwamba hakuna pesa mezani na hakuna mshindi, kisha mkaribishe akae nusu saa. Wa kwetu alikaa, akatusahihisha namna ya kukausha dagaa, akaondoka na maoni kwamba tunapiga soga kwa utaratibu.

Pili, mambo yenye maumivu. Tunaishi kando ya Ziwa Victoria, na manju yeyote wa hapa atataka kuzamisha chombo. Ni tukio linalojileta lenyewe. Lakini tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Ukizungusha macho meza ya watu watano wa Mwanza au Ukerewe, usishangae mmoja ana jina la ndugu anayelibeba moyoni. Kwa hiyo uliza kabla. Namna tunayotumia: kila mtu anaandika kwenye kikaratasi mambo asiyotaka yatokee kabisa, na mambo yanayoweza kutokea bila kuelezwa kwa kina, anatia kwenye kofia, manju anasoma bila kutaja mwandiko wa nani. Halafu tunaweka kizibo kimoja chekundu katikati ya meza. Yeyote akikigusa, tukio linarukwa, hakuna kuuliza kwa nini. Kwa muda wote kimeguswa mara mbili, na mchezo haukufa.

Tatu, uchawi. Mchezo wa kubuni una waganga, mizimu na mazimwi, na huo ndio utamu wake. Ila mimi nina miiko miwili nisiyoijadili. Hakuna mtu mwenye ualbino anayekuwa kiumbe wa ajabu au kiungo cha dawa. Hakuna kikongwe mwenye macho mekundu anayegeuka kuwa mchawi. Kanda hii watu halisi wameuawa na kukatwa viungo kwa imani ya kwanza, na bibi zetu wameuawa kwa imani ya pili, macho yao yakiwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Siwezi kuyageuza hayo kuwa burudani ya Jumapili. Hata yule bibi wa sikio: wapo wanaosimulia kwamba alitaka kumloga shujaa. Kwangu mimi anadai fidia mbele ya baraza, na amini usiamini, bibi anayedai fidia ana ugumu ambao mchawi hana.

Kuandaa kisa: ukurasa mmoja, mwisho uache wazi

Hapa ndipo zile kurasa 14 zilipokufa. Kosa langu halikuwa wingi wa kurasa. Nilikuwa nimeandaa watakachofanya wachezaji, ilhali hicho ndicho kitu pekee mezani kisicho changu. Andaa tatizo. Andaa watu wanaolitaka au kulikataa. Kitakachotokea, wachezaji ndio watakuja nacho.

Nakuonyesha kwa kisa kimoja nilichoendesha, kinaitwa Taa Zinazozimika. Mahali ni kisiwa cha kubuni, Mawe Saba, chenye mawe yaliyopandana kama lile la Bismarck pale Mwanza mjini, mwalo mmoja, na nyumba kama arobaini. Napendelea kubuni kisiwa kuliko kutumia mtaa halisi. Ukitumia Kirumba, nusu ya kikao itakwisha kwenye ubishi kwamba duka hilo halipo upande huo wa barabara.

Nilianza na kitu ambacho kila mchezaji anakijua. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta juu, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika. Ukisimama mlimani usiku, taa zile ni kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Nikauliza swali moja: je, zikianza kuzimika moja moja, bila upepo?

Tatizo: kila usiku taa zinazimika, na wavuvi wanarudi wazima lakini hawajui majina yao. Ukweli uliofichika: samaki aina ya kamongo, mkubwa kuliko mtumbwi, aliyelala kwenye tope miaka mingi kama kamongo wadogo wanavyojificha wakati wa kiangazi, ameamshwa. Anakula mwanga, na kumbukumbu za watu zinaondoka pamoja nao. Hana ubaya wowote, ana njaa tu.

Watu watatu, kila mmoja na anachotaka. Mama Nyanzala ana mitumbwi sita na madeni. Anataka wavuvi warudi majini kabla mbalamwezi haijakolea, siku tano tu. Mzee Lugendo analinda mawe ya kisiwa. Yeye ndiye aliyechimba lile tope akitafuta shaba ya kale, na anataka hilo lisijulikane. Kijana aliyerudi bila jina anataka jina lake. Angalia kwamba hakuna mbaya kati yao, na wote wanagongana.

Kisha ratiba ya maafa, yaani mambo yatakayotokea kama wachezaji watakaa tu wakila kashata. Usiku wa kwanza taa moja. Wa pili taa tatu. Wa tatu Nyanzala anakodi wageni wasiojua kitu. Wa nne kamongo anafika mwaloni. Wa tano mbalamwezi imekolea, ziwani hakuna taa hata moja, na nyumba arobaini zina vibatari. Ratiba hii ni dawa ya kikao kinachozubaa: wachezaji wakikwama, sogeza usiku mmoja mbele.

Mwisho, dalili. Ukweli wowote ambao wachezaji lazima waujue, uwekee njia tatu zisizotegemeana, kwa sababu ya kwanza hawataiona na ya pili wataielewa kinyume. Kwamba tope lilichimbwa: kuna ganda kubwa la tope lililopasuka chini ya maji, jembe la Lugendo lina udongo wa rangi hiyohiyo, na yule kijana anakumbuka kitu kimoja tu, pumzi ya moto usoni.

Hiyo pumzi ina siri yake. Kamongo anavuta hewa. Lazima apande juu. Sikuliandika hilo kama dalili. Rafiki yangu, ambaye babu yake alikuwa mvuvi, alilijua, akasema watulie juu ya maji mpaka apande kupumua. Sikumrushisha dadu. Mtu akileta mezani ujuzi wa kweli wa ziwa hili, mpe ushindi wake mkononi.

Mezani sasa

Tunafungua kwa "Hadithi, hadithi!" na wote wanajibu "Hadithi njoo!" Ni kitoto, najua. Lakini inafunga mazungumzo ya mpira ndani ya sekunde tano, na sijapata kingine chenye nguvu hiyo.

Anzia penye joto. Usianze na wahusika kukutana mgahawani. Anza wakiwa tayari mtumbwini. Maelezo yawe sentensi tatu au nne, yenye harufu au sauti, na yaishie kwenye swali. Hiki ni kipande cha usiku wa pili wa kisa chetu:

Manju: "Mtumbwi unanuka dagaa wa jana. Mbele yenu kuna taa kama thelathini. Ya mwisho upande wa kulia inazimika, na hamjasikia hata kishindo. Mnafanya nini?"

Maige: "Naangalia kama imezimwa au imezama."

Manju: "Wewe ni mtu wa nyavu, unaona vizuri. Boya lake bado linaelea. Taa ipo, mwanga haupo."

Kabula: "Napiga mbizi nione chini kuna nini."

Manju: "Maji ni meusi na kuna kitu humo. Ukikosea, utakutana nacho kabla hujakiona. Unaenda?"

Kabula: "Naenda. Tatu na nne, saba, na Wepesi moja, nane."

Manju: "Sikio la bibi. Chini kuna ganda la tope lililopasuka, ndani mngeenea nyote. Hilo umelipata. Ila kitu kimekugusa mguu. Ama unaacha taa yako ya mkononi ukimbie, ama unapanda nayo na pumzi mbili zinapotea. Chagua."

Dadu zilirushwa mara moja tu. Maige alipewa jibu bure kwa sababu kuona boya hakuna hatari. Kabula aliambiwa gharama kabla ya kurusha, siyo baada, maana mchezaji anayeadhibiwa kwa hatari asiyoijua ataacha kuthubutu, na meza isiyothubutu ni meza iliyolala. Na sikio alichagua mwenyewe. Aliacha taa. Kamongo akaila, na tangu hapo Kabula hakumkumbuka mama yake, jambo ambalo halikuwa popote kwenye ukurasa wangu na likatulisha vikao vitatu.

Mchezaji akija na wazo usilolitarajia, jibu lako la kwanza liwe "ndiyo", na la pili liwe "ila". Anataka kumuuzia Nyanzala siri ya Lugendo? Ndiyo, ila anataka ushahidi kesho asubuhi, mbele ya watu. "Hapana" itunze kwa yale yasiyowezekana kabisa.

Watu wako usiwaigize kama uko jukwaani kama huna kipaji hicho. Mpe kila mmoja tabia moja: Nyanzala anahesabu pesa akiongea, Lugendo hamalizi sentensi. Na uwe na orodha ya majina kumi pembeni ya daftari, kwa ajili ya kila mchuuzi wa sangara atakayechipuka.

Usiogope kimya. Ukishauliza "unafanya nini?", nyamaza. Sekunde kumi zitakuwa ndefu kama foleni ya benki. Vumilia, ukijaza wewe, wao wataacha kujaza.

Mapigano

Haya mafupi, kwa sababu mapigano yenyewe yawe mafupi. Chora mahali kwa chaki, panga vizibo, zunguka meza: kila mtu jambo moja, na anayesita zaidi ya nusu dakika anasubiri zamu ijayo. Ngumi au fimbo inaondoa pumzi 1, panga au mkuki 2, kitu kikubwa 3. Mvamizi wa kawaida mpe pumzi 3. Kamongo wetu alikuwa na 12, akiuma anaondoa 2. Adui hahitaji kurusha dadu: mchezaji akiharibu, au akipata sikio la bibi, ndipo anapoumizwa. Na adui naye ana anachotaka. Mwizi akipoteza nusu ya pumzi anakimbia, mnyama mwenye njaa anafuata chakula. Wachezaji wangu hawakumuua kamongo. Walikusanya vibatari vyote vya kisiwa, wakaviwasha juu ya mtumbwi mmoja, wakamvuta mpaka kina kirefu. Nyanzala mpaka leo anadai mtumbwi wake.

Wanaosumbua

Wa kwanza ni anayetaka kumchoma kisu kila anayeongea naye. Mara nyingi amechoka, au hajui kuna lingine la kufanya. Mpe mtu anayemhitaji mhusika wake kwa jina. Wa pili ni msemaji wa wote: "Hilo nimesikia. Kabula, wewe?" na umrudie baadaye. Wa tatu ni wa simu, na huyo mimi namuuliza swali dogo la maisha ya mhusika wake, kwa mfano nani alimfundisha kuogelea. Akiendelea tena na tena, ongeeni pembeni kikao kikiisha, kamwe si mbele ya watu. Kuna mmoja aliniambia wazi kwamba mchezo haumkoshi. Sasa anakuja kula kashata tu, na tunaelewana.

Baada ya kikao

Dakika kumi za mwisho zisiwe za mchezo. Uliza nini kilinoga na nini kilichosha, kisha uliza swali litakalokuokolea wiki nzima: "Jumapili ijayo mnakwenda wapi?" Wakishajibu, unaandaa hapo tu. Usiku uleule, kabla hujalala, andika daftarini majina yote mliyozua na masikio yote ambayo bado yanadai. Langu lina masikio 11 hivi sasa, na visa vyangu karibu vyote vinatoka kwenye orodha hiyo.

Yule mchuuzi wa sangara alipata jina, Bahati wa Mizani, na mizani yenyewe ni ya uongo. Amewakopesha mtumbwi, amewasaliti mara moja, na mhusika wa binti wa chuo anataka kuolewa na mdogo wa huyo Bahati. Pango la popo bado lipo ukurasa wa kwanza wa daftari, na mlinzi wake wa vichwa viwili anasubiri kutoa hotuba.